Maktaba ndani ya simu: kilichosogea karibu na kilichobaki mbali

Msimu mmoja wa kilimo, mvua za kwanza zikiwa bado hazijaanguka, nilisoma hewani ujumbe ulioingia kwenye simu ya studio. Ulisema wakulima wanaotaka mbolea ya ruzuku wajiandikishe kwa simu na walipe ada ya usajili kwenye namba iliyotajwa. Ulikuwa na nembo, tarehe na maneno ya kiofisi, na ulikuwa umeshapita kwenye makundi ya WhatsApp ya vijiji kadhaa. Kesho yake asubuhi mzee mmoja akapiga simu. Hakufoka. Aliuliza tu: "Mwanangu, ile hela niliyotuma, risiti yake naichukulia wapi?"

Risiti haikuwapo. Usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku hufanyika kupitia ofisi ya kijiji, na haulipiwi. Tuliomba radhi hewani, lakini radhi haimrudishii mtu hela yake.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya niandike makala hii kuhusu maktaba. Unaweza kuuliza mbolea na maktaba vinakutana wapi. Vinakutana hapa: siku ile, maelezo sahihi kuhusu usajili yalikuwa yanapatikana kwa simu ile ile iliyoleta uongo. Aliyekosekana ni mtu wa kututenganishia pumba na mchele. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa na wenyewe, nao ni wakutubi, yaani wafanyakazi wa maktaba. Leo vitabu vyao vingi vimehamia kwenye simu, lakini wakutubi wenyewe hawakuhama navyo.

Tuangalie basi maktaba ilikuwa inafanya nini, teknolojia imebadilisha nini, unaweza kupata nini leo ukiwa kijijini kwako, na ujilinde vipi.

Maktaba hufanya kazi gani?

Wengi wetu tukisikia neno maktaba tunaona chumba chenye makabati na kibao cha "Kimya". Chumba ni sehemu moja tu. Kwa ufupi, maktaba hufanya kazi nne.

Kwanza, kuchagua. Kitabu hakiingii kabatini hivi hivi. Kuna mtu anayeangalia kimeandikwa na nani, kimechapishwa na nani, mwaka gani, na kinamfaa msomaji yupi.

Pili, kuhifadhi. Kitabu au gazeti la mwaka 1970 linabaki ili mjukuu naye alisome.

Tatu, kuazimisha. Kitabu kimoja kinasomwa na watu mia, kila mmoja kwa zamu yake, bila kila mmoja kulazimika kununua cha kwake.

Nne, kuelekeza. Unaingia na swali lako, mkutubi anakuuliza mawili matatu, kisha anakupeleka kwenye kabati lenye jibu.

Teknolojia ya kidijitali, yaani kugeuza maandishi, picha au sauti kuwa faili linalokaa kwenye kompyuta au simu, imegusa kazi zote nne. Kuazimisha kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Kuhifadhi kumepata nguvu mpya na hatari mpya. Kuchagua na kuelekeza, kwa sehemu kubwa, umeachiwa wewe msomaji.

Tulikotoka

Huduma ya maktaba za umma katika nchi yetu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Julius Nyerere Desemba 1967. Mwaka 1975 ikatungwa sheria nyingine iliyoipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania sura tunayoijua, na huduma ikaendelea kusambaa kwenye miji ya mikoa na baadhi ya wilaya. Miaka hiyo pia zilianzishwa maktaba za vijiji, kwa sababu watu wazima waliokuwa wamejifunza kusoma katika kampeni ya kufuta ujinga walihitaji kitu cha kusoma, la sivyo wangesahau herufi.

Lakini kijiji ni mbali. Kitabu kikichakaa, kuleta kingine kunahitaji gari, mafuta na barabara inayopitika. Ndiyo maana maktaba nyingi za vijiji zilidhoofika, na kwa watu wengi maktaba ikabaki kuwa jengo la mjini linalotumiwa na wanafunzi.

Kuna jambo moja la zamani linalotuhusu sana sisi wa redio. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Radio Tanzania ilirusha vipindi kwa wiki 12 mfululizo. Vijijini watu walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza pamoja, wakasomewa kijitabu, wakajadili, halafu wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kulinda chanzo cha maji. Mada zilikuwa magonjwa wanayoyajua, kama malaria, safura, kichocho na kifua kikuu. Watu takribani milioni 2 walishiriki, na viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walipewa mafunzo kabla kipindi cha kwanza hakijaruka.

Angalia vitu vilivyokuwamo: sauti ya redio, kijitabu kilichochapishwa, na mtu aliyefundishwa kuongoza mazungumzo. Vitu vitatu kwa pamoja. Tutarudi hapo mwishoni.

Nini kimebadilika?

Umbali umepungua. Kaskazini mwa Kenya, kwenye maeneo ya wafugaji wa kuhamahama kama Garissa, huduma ya taifa ya maktaba ilianzisha maktaba ya ngamia mwaka 1996. Ngamia hubeba masanduku ya vitabu hadi kwenye shule na kambi zisizofikika kwa gari. Ni kazi ya heshima. Lakini fanya hesabu hii: kitabu kimoja kikiwa faili la MB 10, kadi ya kumbukumbu ya GB 32, ile ndogo kuliko ukucha, hubeba vitabu takribani 3,000. Mzigo unaomlemea ngamia unakaa kwenye mfuko wa shati.

Nakala haziishi. Zamani shule ikiwa na vitabu 5 vya hisabati kwa wanafunzi 60, mnasoma watu 12 kwa kitabu. Faili likiwa kwenye simu moja, linaweza kunakiliwa kwenye simu ya pili na ya tatu bila ya kwanza kupungukiwa kitu.

Lugha zimeongezeka. Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo inayoandikwa na watu wanaojitolea, ilianza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 70,000. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, una hadithi za watoto katika Kiswahili na lugha nyingi nyingine za Afrika, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na kuzitafsiri bila malipo. Mwalimu anaweza kuzigeuza ziwe kwa lugha ya nyumbani ya watoto wake.

Majibu ya kiofisi yamesogea. Matokeo ya mitihani ya taifa ambayo zamani yalisubiriwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, leo mzazi anayasoma kwa simu siku ile ile yanapotangazwa.

Unaweza kupata nini leo ukiwa kijijini?

Vitabu vya shule. Taasisi ya Elimu Tanzania, ile inayoandaa mitaala, ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule za msingi na sekondari. Anwani yake ni ol.tie.go.tz. Unajisajili, unachagua darasa na somo, unasoma. Mzazi ambaye mtoto wake hana kitabu cha sayansi, hapa ndipo pa kuanzia.

Hadithi za watoto. Fungua africanstorybook.org, chagua Kiswahili, pakua. Vitabu vina picha na maneno machache kwa kila ukurasa, na vimepangwa kwa viwango vya usomaji.

Maarifa ya jumla. Wikipedia ya Kiswahili iko sw.wikipedia.org. Ni nzuri kwa kuanzia: historia, jiografia, wanyama, magonjwa, watu mashuhuri. Kwa jambo la afya au hela usiishie hapo.

Sheria na hukumu. Tovuti ya tanzlii.org ina sheria za Tanzania na hukumu za mahakama, bure. Nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda ukahitaji mtu wa kukusomea. Hata hivyo, zamani ilibidi umfuate wakili mjini ili uone tu ukurasa wa sheria ya ardhi.

Huduma za serikali bila intaneti. Ukipiga *152*00# inafunguka menyu ya huduma za taasisi mbalimbali za serikali. Inafanya kazi hata kwenye kiswaswadu, yaani simu ya vitufe. Fuata namba za menyu inayotokea kwenye simu yako, kwa kuwa mpangilio hubadilishwa mara kwa mara.

Afya. Namba 199 ni kituo cha huduma kwa simu cha Wizara ya Afya. Kupiga ni bure. Kabla hujanunua dawa uliyoiona kwenye ujumbe wa kusambazwa, piga hapo au nenda zahanati.

Mlinzi wa mlango mpya: bando

Maktaba ya umma haikukuuliza una shilingi ngapi kila unapofungua ukurasa. Simu inakuuliza. Kitabu cha bure kwenye mtandao si cha bure kama huna bando, huna chaji, au mnara uko nyuma ya mlima. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa na sheria ya mwaka 2006, upo kwa ajili ya kupeleka minara na mawasiliano kwenye maeneo ambayo kampuni zinaona hayalipi. Pamoja na hayo, bado wako wasikilizaji wetu wanaopanda kichuguu kutafuta mtandao.

Kwa hiyo tumia bando kama unavyotumia maji ya kununua kwa ndoo.

Soma maandishi kuliko kuangalia video. Ukurasa wa maandishi matupu kwa kawaida haufiki MB 1. Video ya dakika 10 inaweza kula MB 50 na zaidi, kutegemea ubora wake. Jibu la swali moja hilo hilo linaweza kugharimu mara 50.

Pakua mara moja, soma mara nyingi. Ukiwa mjini siku ya gulio, au mahali penye Wi-Fi ya taasisi, pakua unachohitaji. Ukifika nyumbani unasoma bila bando.

Rushianeni kwa bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu. Mmoja akipakua hadithi 20, darasa zima linaweza kuzipata bila kununua bando. Kumbuka hakimiliki: kazi kama hizo za African Storybook zimetolewa kwa ruhusa ya kunakiliwa. Kitabu cha mwandishi anayeuza kazi yake usikisambaze. Huo ndio ugali wake.

Tumia programu za kusoma bila mtandao. Ipo programu ya bure iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007. Kazi yake ni kukuwezesha kupakua Wikipedia nzima ya lugha fulani na kuisoma bila intaneti kabisa. Ya Kiingereza yenye picha ni kubwa, takribani GB 100. Ya Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Shule yenye kompyuta moja isiyo na intaneti inaweza kuwa na kamusi elezo nzima ndani yake.

Kwa nini nasisitiza kupakua? Mwaka 2012 ulianza mpango ulioitwa Wikipedia Zero. Kampuni za simu katika nchi kadhaa, Uganda ikiwa miongoni mwa za kwanza, ziliwaruhusu wateja kusoma Wikipedia bila kukatwa data. Mwaka 2018 mpango ukafungwa. Mlango uliofunguliwa na mwingine hufungwa na yeye. Ulichopakua kinabaki kwako.

Kuhifadhi: mchwa wa karatasi na mchwa wa mtandao

Kitabu cha karatasi kina maadui zake: mchwa, mvua, panya na moto. Aprili 2021 moto wa nyikani uliunguza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, na hazina kubwa ya machapisho ya Afrika ikapotea. Kilichokuwa kimeshapigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta kilisalimika, angalau kwa nakala. Hiyo ni faida ya kidijitali, na ni kubwa.

Lakini kompyuta nazo zina mchwa wake. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia Maktaba ya Uingereza iliyoko London, moja ya maktaba kubwa kabisa duniani. Vitabu vilikuwa vimejaa kabatini kama kawaida, lakini orodha ya kuvitafutia ilizimika kwa miezi. Kitabu kipo na hakipatikani.

Somo kwa kijiji ni la kawaida kabisa. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ramani ya mpaka wa ardhi, daftari la wanachama wa kikundi cha vikoba: vipige picha vizuri, viweke kwenye simu za watu wawili au watatu wanaoaminiwa, na vya karatasi viendelee kutunzwa. Usitupe karatasi eti kwa sababu ipo kwenye simu. Simu hudondoka mtoni. Na kwenye mgogoro wa ardhi, baraza litataka kuona hati yenyewe yenye muhuri.

Nani anakuchagulia?

Sasa turudi kwenye ile mbolea. Ukiandika swali kwenye simu, utafutaji hukuletea orodha ya majibu. Juu kabisa mara nyingi hukaa aliyelipia tangazo. Kwenye WhatsApp hakuna hata orodha: unapokea kile ambacho ndugu yako alipokea. Siku hizi kuna na programu za akili mnemba, unauliza kwa Kiswahili na inakujibu kwa Kiswahili fasaha. Zinasaidia kueleza jambo gumu au kutafsiri. Lakini huweza kukosea kwa ufasaha ule ule, zikataja dawa, kiwango au sheria isiyokuwapo, wala sauti yao haitetemeki kama ya mtu anayebahatisha. Ukizitumia, ziulize habari zimetoka wapi, kisha nenda ukaangalie huko.

Mkutubi alikuwa anajiuliza maswali kabla hajaweka kitabu kabatini. Maswali hayo unaweza kuyachukua, hayauzwi.

Nani amesema? Jina la taasisi au mtu anayeweza kutafutwa. "Wizara imesema" haitoshi. Wizara ipi, kwa tangazo lipi? Tovuti za taasisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Angalia mwisho wa anwani, maana matapeli hupenda kuweka jina la taasisi mwanzoni na kumalizia na kitu kingine.

Lini? Taarifa ya ruzuku ya msimu uliopita ni ya kweli kwa msimu uliopita. Nembo haina tarehe.

Anataka nini kwangu? Ujumbe unaotaka hela, namba ya siri, namba ya kitambulisho, au unaosema "tuma kwa watu 10 sasa hivi", uweke kando kwanza.

Nani mwingine amesema? Jambo la kweli la kiserikali halikai kwenye WhatsApp peke yake. Mtendaji wa kijiji atakuwa na barua, afisa ugani atakuwa amesikia, redio itakuwa imetangaza baada ya kuthibitisha. Nasisitiza: baada ya kuthibitisha.

Ukipokea ujumbe wa kitapeli, Mamlaka ya Mawasiliano imetenga namba 15040. Unaituma namba ya tapeli huko ili ishughulikiwe. Na ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa wakala wa kampuni husika ukaifute, kabla mtu hajatapeli watu kwa jina lako.

Yasiyo kwenye mtandao: una haki ya kuuliza

Simu ina mengi ya dunia na machache ya kijiji. Ukitafuta mji mkuu wa Brazil utaupata kwa sekunde. Ukitafuta fedha za ukarabati wa kisima chenu zimetumikaje, hutapata. Taarifa hiyo iko kwenye faili ofisini.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi na masuala ya jamii. Kisha ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Kwa mujibu wa sheria hiyo raia anaweza kuiomba taarifa taasisi ya umma, au taasisi binafsi inayotumia fedha za umma. Unaandika ombi, unaeleza unataka taarifa gani, unaacha jina na mawasiliano yako. Taasisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa anatakiwa kuliandika ombi hilo. Ziko taarifa zinazozuiwa, kama za usalama wa taifa na za siri binafsi za mtu, na unaweza kutozwa gharama za kutoa nakala. Ukikataliwa, omba upewe sababu kwa maandishi, na unaweza kumwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo.

Ombi zuri huwa fupi na la jambo moja. "Naomba nakala ya mapato na matumizi ya mradi wa maji wa kijiji kwa mwaka wa fedha uliopita" linajibika. "Naomba kujua kila kitu kuhusu maji" halijibiki. Weka nakala ya barua yako, na umwombe aliyeipokea agonge muhuri wa tarehe.

Wakati mwingine huhitaji hata barua. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo pa kuulizia. Taarifa nyingine hazihitaji bando kabisa. Zinahitaji mtu anyooshe mkono.

Je, jengo la maktaba life?

Hapana. Kuna mtoto ambaye nyumbani hakuna taa wala meza, na wadogo zake wanamvuta daftari. Kuna mzee ambaye macho hayaoni maandishi ya simu. Kuna msichana asiye na simu yake mwenyewe, anayesoma kwa ruhusa ya mwenye simu. Hao simu haijawafikia hata kama mnara uko uani kwao. Wanahitaji mahali pa kukaa na mtu wa kuwasaidia. Maktaba nyingi duniani zimeshaelewa hilo. Zimeweka kompyuta na intaneti pamoja na vitabu, na wakutubi sasa hufundisha watu kutafuta na kupima taarifa.

Kijiji kisicho na maktaba hakina haja ya kusubiri jengo. Rudi kwenye Mtu ni Afya na vile vitu vyake vitatu. Sauti ipo: redio hii, na vipindi vinavyoweza kusikilizwa tena kwa simu. Maandishi yapo: kadi ya kumbukumbu yenye vitabu vya bure, au karatasi chache zilizochapwa mjini. Kinachobaki ni mtu. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu, muuguzi wa zahanati, kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado yupo nyumbani. Kazi yake ni kukaa saa mbili kwa wiki, chini ya mwembe au kwenye darasa lililo wazi jioni, akiwa na simu moja yenye chaji. Watu wanaleta maswali na jumbe walizopokea. Mnazisoma pamoja, mnauliza nani amesema, lini, na anataka nini. Mkishindwa, mnaandika swali na kulipeleka kwa mtu anayejua. Hiyo ni maktaba, hata kama haina mlango.

Nasi studioni tumebadilisha utaratibu. Ujumbe wowote unaohusu fedha, dawa, ajira au usajili hausomwi hewani mpaka mmoja wetu azungumze na ofisi inayohusika na kuandika kwenye daftari jina la aliyejibu na saa. Daftari hilo liko mezani, na kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika swali la yule mzee kuhusu risiti. Ukipokea ujumbe unaokutia shaka, tuletee kabla hujatuma hela. Tutauulizia, na jibu tutalisoma hewani ili na mwenzako alisikie.